Tuta, Kivuko, Mtaro: Mwongozo Kamili wa Kupeleka Ombi la Barabara ya Mtaa Hadi Likatekelezwa

Maombi mengi ya barabara za mitaa hayakataliwi na mtu. Yanafia njiani. Barua inapelekwa Manispaa wakati barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Inaandikwa Aprili, wakati madiwani walishapitisha bajeti kabla ya Machi. Inasema "tunaomba mtuangalie" bila kutaja ni wapi wala ni nini. Mwaka unapita, wananchi wanamlaumu diwani, diwani anamlaumu meneja, na bodaboda wanaendelea kupita mbele ya geti la shule kama wako mashindanoni.

Mwongozo huu ni kwa wakazi wa mijini Tanzania Bara. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa sababu kila hatua inazaa karatasi ambayo hatua inayofuata itaidai.

## Vitu vya kuandaa

- Futi kamba ya mita 30 au 50. Fundi ujenzi yeyote wa mtaani anayo.
- Simu yenye kamera, saa ya kuhesabia sekunde na ramani inayoonyesha mahali ulipo.
- Kaunta buku moja kwa ajili ya takwimu, na daftari la dispachi la kusainisha barua.
- Chaki ya kuweka alama pembeni mwa barabara.
- Pesa ya fotokopi na nauli.
- Watu watatu au wanne wasiokata tamaa haraka. Mwalimu wa shule iliyo karibu na mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda wawemo. Mkimwacha huyo wa bodaboda nje, atakuwa wa kwanza kulipinga tuta lenu.

Pesa ya "kusukuma faili" haimo kwenye orodha. Ukiombwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

## Hatua ya 1: Jua barabara ni ya nani

Hapa ndipo maombi mengi yanapopotea. Mgawanyo wenyewe ni huu:

- TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, inasimamia barabara kuu na barabara za mkoa. Kwa Dar es Salaam, mfano ni Barabara ya Mandela, ya Kilwa au ya Bagamoyo.
- TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017 chini ya TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na halmashauri), inasimamia barabara za wilaya: za mkusanyo, za mlisho na za jamii. Barabara ya mtaa wako karibu kwa hakika iko hapa, iwe ya lami au ya vumbi.
- Halmashauri (jiji, manispaa au mji) inabaki na taka, usafi, maegesho ya bodaboda na wafanyabiashara waliokaa juu ya njia ya miguu.
- Mamlaka ya maji au kampuni ya simu iliyokata barabara kupitisha bomba au waya ina wajibu wa kuirudisha ilivyokuwa. Shimo la namna hiyo usimpelekee meneja wa TARURA kama kosa lake. Mpelekee umwambie nani alichimba.

Mtaro ndio unaochanganya watu. Ukiwa umebomoka au ni mwembamba, ni kazi ya TARURA. Ukiwa mzima lakini umejaa chupa na mifuko, anza na watu wa usafi wa halmashauri, na mjiulize nani anazitupa.

Nenda ofisi ya TARURA ya wilaya ukaulize jina la barabara yenu kwenye orodha yao. Barabara nyingi zina jina moja mdomoni mwa watu na jingine kabisa kwenye mafaili, na barua iliyotumia jina la mtaani huchelewa kumfikia mhandisi mhusika.

Umefaulu ikiwa: una jina rasmi la barabara, daraja lake (kuu, ya mkoa, ya mkusanyo, ya mlisho au ya jamii), na cheo cha mtu wa kuandikiwa.

## Hatua ya 2: Pima, usisimulie

Mhandisi amezoea kusikia "magari yanakimbia sana". Hajazoea kupewa namba na mwananchi, na ndiyo maana namba hubaki kichwani mwake.

Kupima kasi. Pima mita 50 pembeni mwa barabara na weka alama mbili za chaki. Mtu mmoja anasimama alama ya kwanza na kushusha mkono gari likifika. Wa pili, akiwa alama ya pili, anaanzisha saa mkono unaposhuka na kuizima gari likimfikia. Kisha gawanya 180 kwa sekunde ulizopata, na jibu ni kilomita kwa saa. Sekunde 6 ni kilomita 30, sekunde 3.6 ni kilomita 50, sekunde 3 ni kilomita 60.

Pima magari na pikipiki 40, uzipange kuanzia ya polepole zaidi. Kasi ya chombo cha 34 ndiyo ya kuandika kwenye barua. Wahandisi hutazama kasi ambayo asilimia 85 ya magari hayaivuki, na katika 40, chombo cha 34 ndicho kinachosimama hapo.

Kikomo cha kisheria kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Usikimbilie kufikiri kwamba kilomita 50 ni salama mbele ya shule. Kwa mwendo huo gari linakata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva hutumia sekunde nzima, au zaidi, kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 30 ni mita 8 na kidogo. Tofauti ya mita hizo sita inatosha kumvusha mtoto au kumpoteza.

Kuhesabu watu. Hesabu wanaovuka kwa saa moja asubuhi watoto wakienda shule, na saa moja wakirudi. Watoto waandikwe safu yao, wazee na watu wenye ulemavu safu yao.

Ajali. Andika tarehe, saa, mahali na aina ya chombo. Muulize mtendaji wa mtaa, mwalimu mkuu, na wenye maduka yanayotazama barabara. Majina ya waliogongwa acha. Hayahitajiki, na familia zao zina haki ya faragha.

Maji na mashimo. Piga picha siku ya mvua na siku ya kiangazi, ukiwa umesimama palepale. Weka futi kamba ndani ya shimo ili kina kionekane. Kwa kila picha hifadhi alama ya mahali kutoka kwenye ramani ya simu.

Onyo: msipime mkiwa mmesimama barabarani, wala msivae vikoti vya kung'aa vinavyofanana na vya trafiki. Madereva watapunguza mwendo na takwimu zenu zitakuwa za uongo.

Umefaulu ikiwa: kila kitu kimeingia kwenye ukurasa mmoja na picha nne. Ukurasa wa pili hausomwi.

## Hatua ya 3: Ombeni kitu kimoja, na kiwe sahihi

Tuta ndilo linaloombwa kila mahali, hata pasipolihitaji. Kabla ya kuliandika, pitieni machaguo haya.

Tuta la mviringo hushusha mwendo kweli, likijengwa kwa vipimo. Umbo linalotumika sana duniani lina urefu wa mita 3.7 kufuata njia ya gari na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10. Lile fupi, la ghafla, linalojengwa usiku kwa zege la msaada wa wananchi, linavunja shokamzoba na kuwamwaga abiria wa pikipiki, huku dereva wa gari kubwa akilipita bila kujali. Zaidi ya hayo, kuweka kitu barabarani bila kibali cha msimamizi wa barabara ni kosa kisheria. Mtu akianguka usiku kwenye tuta lenu lisilo na alama, mtaanza kutafutana.

Kivuko cha pundamilia kikiwa rangi tupu kwenye barabara ya mwendo mkali, kinampa mtoto imani ambayo dereva hana. Ombeni kivuko kilichoinuliwa, yaani tuta pana lenye mgongo bapa lililochorwa pundamilia juu yake. Anayevuka anaonekana, na gari limeshapunguza mwendo lenyewe.

Rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, vinamwamsha dereva kabla ya kona au kivuko. Vinapiga kelele usiku kucha, kwa hiyo waulizeni kwanza wenye nyumba zilizo karibu.

Njia ya miguu ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Watoto wengi hugongwa wakitembea kandokando kwa sababu mtaro uko wazi na hakuna pengine pa kupita. Mifuniko ya zege juu ya mtaro huzaa njia ya miguu bila kubomoa ukuta wa mtu.

Kuhamisha geti la shule. Hili halimgharimu TARURA hata shilingi. Shirika la Amend, ambalo mpango wake wa usalama wa barabara kwenye maeneo ya shule ulioanzia Dar es Salaam ulipata tuzo ya kimataifa ya miji mwaka 2019, limekuwa likitumia hatua ndogondogo za namna hii: matuta, njia za miguu, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari, na geti kuhamishiwa upande wa barabara yenye utulivu. Kama shule yenu ina uchochoro nyuma, anzeni na geti, halafu tuta lije.

Matengenezo. Hapa tumia maneno ya ofisi. TARURA hupanga kazi zake kwa mafungu: matengenezo ya kawaida (kufyeka, kuzibua mitaro, kuziba viraka), matengenezo ya muda maalum (kuweka upya tabaka la lami au changarawe), na matengenezo ya sehemu korofi. Mita 80 zinazogeuka bwawa kila masika ni sehemu korofi. Ukiandika "tunaomba lami", umeingia kwenye foleni ya miradi ya mabilioni. Ukiandika "sehemu korofi ya mita 80, kalavati moja na kifusi", umeingia kwenye foleni inayosogea.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyefika mtaani kwenu anaweza kusoma sentensi moja na kujua aende wapi na afanye nini.

## Hatua ya 4: Pata muhtasari wa mkutano wa mtaa

Ombi la mtu mmoja ni malalamiko. Ombi lenye muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa ni uamuzi wa wananchi, na afisa hawezi kulitupa kwa wepisi uleule.

Mwombe mwenyekiti wa mtaa aweke suala hilo kwenye ajenda kabla ya tangazo kutoka. Likibaki "mengineyo", litajadiliwa watu wameshasimama kuondoka. Siku yenyewe soma ule ukurasa mmoja, onyesha picha, omba uamuzi, keti. Hotuba ya dakika ishirini inamfungulia kila mwenye kinyongo mlango.

Muhtasari uwe na tarehe, uamuzi ulioandikwa kwa maneno yenu ya Hatua ya 3, orodha ya mahudhurio yenye sahihi, na mhuri wa mtendaji wa mtaa. Toa fotokopi tano.

Onyo: kama kuna nyumba au vibanda ndani ya hifadhi ya barabara, lisemeni wazi hapohapo. Kwa barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa katikati ya barabara. Mwenye kibanda atakayejua siku ya greda ndiye atakayekwenda mahakamani kuzuia kazi.

## Hatua ya 5: Lipite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata

Kamati hii inaongozwa na diwani, katibu wake ni mtendaji wa kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Ndiyo inayopanga mtaa upi uanze.

Mwenyekiti wenu atakutana na wenzake, kila mmoja na barabara yake, na ukurasa wenye namba ndio utakaomsaidia. Akifika na "wananchi wangu wanalia", wote wanalia. Mtafuteni diwani siku chache kabla, ana kwa ana, mumwachie nakala. Diwani husimama kwenye Baraza la Madiwani, na meneja wa TARURA huitwa pale kueleza utekelezaji. Swali la diwani lililoandaliwa vizuri hufanya kazi kubwa kuliko maandamano.

Umefaulu ikiwa: ombi lenu limeandikwa kwenye vipaumbele vya kata na limepewa namba ya mpangilio. Ikiwa ni la tisa, ni bora kujua sasa.

## Hatua ya 6: Andika barua inayosomeka kwa dakika moja

Kwa barabara ya TARURA, mwandikie Meneja wa TARURA wa Wilaya, barua ipitie kwa Mtendaji wa Kata. Nakala ziende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, diwani na Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya. Ya TANROADS iende kwa Meneja wa Mkoa. Mwili wa barua unaweza kuwa hivi:

> YAH: OMBI LA KIVUKO KILICHOINULIWA, BARABARA YA ............, MTAA WA ............
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mkutano Mkuu wa Mtaa wa tarehe ............ uliamua kuomba kivuko kimoja kilichoinuliwa mbele ya Shule ya Msingi ............ (alama ya mahali: ............).
>
> Tarehe ............ tulihesabu wanafunzi ...... wanaovuka ndani ya saa moja. Kati ya vyombo 40 tulivyopima, cha 34 kilikuwa na mwendo wa kilomita ...... kwa saa. Tangu ............ zimetokea ajali ...... mahali hapo.
>
> Tunaomba mhandisi afike kukagua, na kazi hii iingizwe kwenye mpango na bajeti ya mwaka wa fedha ....../.......
>
> Tunaambatanisha muhtasari wa mkutano, takwimu na picha.

Sentensi ya ukaguzi ndiyo muhimu kupita zote. Kuahidi bajeti ni vigumu kwa meneja, lakini kumtuma mhandisi nusu siku si vigumu. Akishafika na kuandika ripoti, ombi limegeuka kuwa la ofisi yenyewe.

Barua ipelekwe masjala, isikabidhiwe kwa mtu koridoni. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, na dispachi isainiwe. Bila hivyo, baada ya miezi miwili utaambiwa haikuonekana.

## Hatua ya 7: Cheza na kalenda

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini maamuzi hufanyika mapema mno kuliko watu wanavyodhani.

- Agosti hadi Oktoba: pimeni, fanyeni mkutano wa mtaa.
- Oktoba na Novemba: Kamati ya Maendeleo ya Kata, na barua iwe imefika.
- Desemba hadi Februari: ofisi zinaandaa makadirio na madiwani wanayapitisha. Huu ndio wakati wa kwenda kuulizia kila wiki mbili.
- Aprili hadi Juni: Bunge la bajeti. Kuingiza kitu kipya hapa ni karibu haiwezekani.
- Julai na kuendelea: zabuni na kazi.

Njia mbili hazingoji kalenda. Ya kwanza ni dharura: kalavati likisombwa na mvua, piga picha siku hiyohiyo na uripoti siku hiyohiyo, kwa sababu kuna fungu la dharura na linaisha haraka. Ya pili ni miradi mikubwa ya miundombinu ya miji, kama DMDP kwa Dar es Salaam au TACTIC inayogusa miji 45. Mitaa yenu ikiwa ndani ya mradi, kivuko na taa viombwe wakati wa usanifu. Mkandarasi akishasaini mkataba, kila badiliko lina bei.

Ukiambiwa "hakuna fedha", usinyamaze wala usigombane. Uliza fungu gani limekwisha. Matengenezo yanategemea zaidi Mfuko wa Barabara unaojazwa na tozo ya mafuta, na tangu bajeti ya 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Bodaboda wa kijiweni kwenu anailipa kila asubuhi, na ana haki ya kuuliza.

## Kama ombi ni gari la taka au usafiri wa moshi kidogo

Hapo mlango ni mwingine. Magari ya halmashauri hununuliwa kwa bajeti ya halmashauri yenyewe, na zabuni hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa manunuzi ya umma ulioanza mwaka 2023. Diwani aulize hesabu ya mafuta na matengenezo kwa miaka mitano, maana bei ya kununua peke yake hudanganya. Gari la gesi asilia lina maana pale penye kituo cha kujaza. Vituo vimejikita Dar es Salaam kuliko mikoani, kwa hiyo msiombe gari litakalokaa juu ya mawe.

Kwa vijana wanaotaka bajaji ya umeme au ya gesi, njia fupi ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kilete andiko lenye mahali pa kuchajia na fundi wa kuitengeneza. Hayo mawili ndiyo yanayokosekana kwenye maandiko mengi.

## Hatua ya 8: Fuatilia bila kuchosha watu

Mtu mmoja afuatilie, kila mara yuleyule, akiwa na kaunta buku. Aandike tarehe, cheo cha aliyemjibu, na jibu lenyewe. Salamu kwanza, heshima kwanza. Mhudumu wa masjala uliyemjulia hali mara tatu ndiye atakayekuambia faili liko meza gani.

Mkizungushwa, andikeni kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 mkiomba orodha ya kazi zilizopangwa kwa kata yenu mwaka huu. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Baada ya hapo, kwa mpangilio: Meneja wa TARURA wa Mkoa, kisha Mkuu wa Wilaya siku ya kusikiliza kero. Mkianzia kwa Mkuu wa Wilaya, barua itashuka kwa meneja yuleyule, safari hii akiwa amenuna.

## Hatua ya 9: Mkandarasi akifika, kuweni macho

Ombeni kuonyeshwa mchanganuo wa kazi: urefu, upana, idadi ya makalavati, alama. Halafu kagueni vitu vinavyoonekana kwa macho.

- Barabara ya kifusi iwe na mgongo. Kwa upana wa mita 6, katikati panyanyuke karibu sentimita 15 kuliko kingo. Vuteni kamba mpime. Ikiwa bapa, maji yatakaa juu na greda itakuwa imepita bure.
- Kiraka cha lami kikatwe pembe nne, kisafishwe, kipakwe lami ya kunatishia, kisha kishindiliwe. Lami iliyomwagwa kwenye shimo lenye vumbi itang'oka.
- Tuta liwe na rangi na kibao cha onyo kabla yake, pande zote mbili, siku ileile linapokamilika. Pembeni pabaki nafasi ya maji kupita.
- Kalavati liwe chini kuliko mtaro unaoliingia. Inaonekana jambo dogo, lakini tembea mjini uhesabu yaliyo juu.

Ukiona kasoro, usibishane na vibarua. Piga picha yenye futi kamba, peleka kwa mhandisi msimamizi kwa maandishi, nakala kwa mtendaji wa kata. Mkandarasi hubaki na wajibu wa kurekebisha kasoro kwa kipindi kilichotajwa kwenye mkataba, na muda huo unahesabika kuanzia makabidhiano. Ulizeni tarehe hiyo mkaiandike.

Mwezi mmoja baada ya kazi, rudini pale pale kwenye alama za chaki mpime vyombo 40 vingine. Ikiwa cha 34 bado kinazidi kilomita 30 mbele ya shule, tuta limekosewa kimo au mahali, na mna barua nyingine ya kuandika mkandarasi akiwa bado anabanwa na mkataba.